Kamanda na Mti Uliosimama kwa Kichwa

"Samahani mama, hivi huyo mdogo wako anagombana na nani humo ndani?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu msusi, ambaye kiti chake cha kusukia kiko barazani, karibu kabisa na dirisha letu la jikoni. Alikuwa ameshika kichwa cha mteja, kitana amekibana mdomoni, na masikio yake yote mawili yako kwetu. Nami nikatega sikio. Kweli, sauti ya mdogo wangu ilikuwa inatoka mle ndani, kali kama ya mtu anayefukuza kuku: "Muulize wa kushoto! Akishajibu, muulize wa kulia! Sasa wewe unarudi huku kufanya nini?"

"Yuko na mti," nikamjibu.

"Mti?"

"Wa kwenye kompyuta."

Msusi akatoa kitana mdomoni. "Jamani! Hata miti nayo imehamia huko? Na una kivuli, au ni wa kugombana tu?"

Mteja akacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi mikononi. Mungu anisamehe, nami nilicheka. Lakini nilipoingia ndani nikamkuta mdogo wangu amelaza paji la uso juu ya meza, katikati ya karatasi zilizojaa mishale, na kicheko kikaniishia.

Tangu siku ile nimeulizwa habari zake na wengi, na kila nikijibu kwa mdomo najikuta nimeruka hiki au kile. Ndiyo maana nimekaa niandike. Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo yale ya kompyuta nitayaeleza jinsi alivyonieleza yeye, na yeye ana subira ya kueleza.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wa mama yetu, mimi ni kifungua mimba. Nilimbeba mgongoni nikiwa msichana mkubwa, na Mungu alipomchukua mama, akabaki mikononi mwangu. Alikuwa mtoto wa kuhakikisha. Ukimwambia mlango umefungwa, anakwenda kuusukuma. Ukimwambia maji yamechemka, anainua kifuniko achungulie. Akakua hivyohivyo, akapata kazi ya kusafisha vyumba hotelini, na baada ya miaka kadhaa wakampandisha awe msimamizi wa wasafishaji. Hapo ndipo alipopewa jina la Kamanda.

Jina halikuwa la bure. Msichana akitandika kitanda, Kamanda anafunua shuka. Akifuta glasi, Kamanda anaiinua dirishani aitazame kwenye mwanga. Akiinama kuokota taka, Kamanda naye ameinama upande wa pili wa kitanda. Wasichana walikuwa wakimwambia, "Kamanda, tuache basi tumalize!" Naye anawajibu, "Malizeni, kwani nimewashika mikono?" Jioni anarudi miguu imevimba, maana hoteli nzima wenzake wameisafisha kwa mikono, yeye kaisafisha tena kwa macho.

Kompyuta alikutana nayo palepale. Mapokezi walikuwa na programu ya kuonyesha chumba gani kichafu, kipi safi, kipi kina mgeni. Ilikuwa na tabia ya kuganda, na ikiganda anaitwa fundi wake, mama mmoja mnene, mpole, anayetembea na mkoba wa ngozi. Fundi akikaa kuandika mistari yake, Kamanda anasimama nyuma yake kama kawaida yake. Siku moja yule mama akageuka akamwambia, "Mwenzangu, kwa jinsi unavyonisimamia, bora ukae wewe mimi nisimame." Basi akakaa kweli. Akaonyeshwa mstari unaoiambia kompyuta kwamba chumba kikishasafishwa kibadilike rangi. Aliporudi nyumbani siku hiyo hakuzungumza jambo lingine. Aliingiwa na hamu ambayo haikumtoka tena.

Kisha hoteli ikauzwa, wenye mali wapya wakaja na watu wao. Mdogo wangu akahamia kwangu na binti yake, ambaye yuko shule ya msingi na hana mzazi mwingine wa kumtazama. Mchana Kamanda alifanya vibarua vya kusafisha ofisi za watu. Jioni alikwenda kwenye darasa la kuandika programu, lililoendeshwa na ofisi moja inayotengeneza programu za zahanati na maduka ya dawa. Ofisi ile iliwaahidi jambo moja: atakayefaulu mtihani wa mwisho, wanamwajiri.

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, hata kuliko mwalimu. Msusi hakuacha kumtania. "Wewe Kamanda, kwa umri huo! Siku utakayoajiriwa si watakuandalia na sherehe ya kustaafu papo hapo?"

"Nikistaafu nitakuja kukaa hapo barazani kwako," mdogo wangu anamjibu, "nikusimamie unavyosuka."

"Toba! Basi soma, soma shoga yangu, Mungu akupe kazi haraka!"

Tulicheka, lakini mimi na mdogo wangu tulijua kilichokuwa nyuma ya masomo yale. Kulikuwa na wakala aliyemtafutia nafasi ya usimamizi katika hoteli ya nchi ya mbali, mkataba wa miaka, na mtu haruhusiwi kwenda na mtoto. Nafasi ilikuwa tayari. Wakala alikuwa anangoja neno lake tu, na alishasema mwisho wa mwezi hatangoja tena. Mdogo wangu aliniambia wazi: "Dada, nikifaulu nabaki. Nikishindwa naondoka, na mtoto nakuachia wewe." Sikumpinga. Ningempinga kwa lipi? Binti yake naye alijua. Hakulia wala hakuuliza, ila alianza kulala ameshika pindo la gauni la mama yake, na asubuhi ilibidi tumfungue vidole.

Mtihani wa kwanza alishindwa. Mengine yote aliyaweza, uliomwangusha ulikuwa mti. Mwalimu wao, binti mpole anayevaa viatu vya raba kila siku, akamwita pembeni. "Dada, sitaki upotee kwa swali moja. Nimekuombea urudie. Safari hii utaulizwa mti tu, mbele yangu na mbele ya mkuu wa ofisi. Hakuna kurudia tena baada ya hapo."

Ndipo siku ile ya swali la msusi nikamwambia, "Hebu nieleze huo mti. Huenda ukiusema utapungua ukali."

Akachora. Mti wa kwenye kompyuta umesimama kwa kichwa: shina liko juu, majani yako chini. Kila mahali panapogawanyika wanapaita kifundo. Kila kifundo kina namba yake, na kina mikono miwili, wa kushoto na wa kulia. Kila mkono ama umeshika kifundo kingine, ama uko mtupu. Basi.

"Sasa swali ni nini?"

"Mti huu una urefu gani? Yaani kutoka juu hadi jani la chini kabisa, ni vifundo vingapi."

"Si unahesabu kwa kidole?"

"Huu niliouchora, ndiyo. Lakini programu ninayoandika ipewe mti wowote, hata wenye vifundo elfu, ijibu." Akaniambia dawa yake ni kuandika kazi, yaani kipande kidogo cha programu, inayojiita yenyewe. Katikati ya kufanya kazi, inasimama, inajiita tena ifanye kazi ileile kwa mti mdogo uliopo mkono wa kushoto, kisha wa kulia, halafu inaendelea.

"Na wewe unakwama wapi?"

"Nakwama kwenye kushuka." Akanionyesha karatasi zake. Kila kazi ilipojiita, yeye alishuka nayo. Imekwenda kushoto, naye yupo. Ikajiita tena kushoto, naye yupo. Ikafika chini ikataka kupanda, keshasahau alikuwa anapanda kwenda kwa nani. Mishale ilikuwa imepandana juu ya karatasi, huwezi kujua unaoenda na unaorudi. "Mwalimu ananiambia nisishuke. Nimuulize wa kushoto, nisimame palepale, ningoje jibu. Eti ningoje tu! Nitajuaje huko chini wamefanya nini?"

Msusi akapaza sauti kutoka dirishani, "Si ungoje tu, mwenzetu! Sisi huku tumekungoja unyamaze tangu asubuhi!"

Nilidhani atamjibu, maana hamwachiagi. Lakini safari hii akaizungusha kalamu mezani, ikazunguka, ikasimama. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Dada, unakumbuka nilipopasuliwa kidole tumbo?"

"Nitasahauje, nilikesha nakuombea."

"Niliporudi kazini, kitu cha kwanza nilipita kila chumba, kila ghorofa, natafuta kosa. Sikuliona. Vitanda vimenyooka, vioo vinang'aa. Wasichana walikuwa wamegawana kazi wenyewe. Kila ghorofa ina mmoja anayewauliza wenzake, kisha analeta neno moja mapokezi: tayari, au bado. Badala ya kufurahi nilinuna siku nzima, na sikujua nanuna nini."

Akavuta karatasi safi. Akachora kifundo kimoja tu, na mikono yake miwili. Chini yake hakuchora kitu.

"Mimi ni huyu," akasema. "Namuuliza wa kushoto: kwako urefu ni kiasi gani? Ananiletea namba. Alivyoipata ni shauri lake. Namuuliza wa kulia, naye ananiletea namba. Nachukua iliyo kubwa, najiongeza mimi mmoja, nampelekea aliye juu yangu. Nimemaliza."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Na wao huko chini wanafanya hivihivi."

Akakimbilia kompyuta yake, ile kuukuu yenye kibodi iliyopungukiwa na herufi mbili. Akaandika mistari michache tu, mifupi, hata mimi nikashangaa kwamba ndiyo hiyo aliyoililia. Akabonyeza. Kompyuta ikagoma, ikajaza maandishi mekundu.

"Haya, imekuwaje tena?"

Akakaza macho, kisha akajipiga kofi pajani. "Sikuiambia mkono mtupu ujibu nini! Imefika chini, imegonga mlango wa chumba ambacho hakipo, inasubiri kufunguliwa." Akaongeza mstari mmoja mwanzoni kabisa: ukikuta mkono mtupu, jibu sifuri, rudi. Akabonyeza tena, ikatoka namba moja safi. Tukahesabu kwa kidole kwenye mti alionichorea mwanzo. Ilikuwa sawasawa.

Alicheka huku machozi yanamtoka, binti yake akaja mbio kutoka uani kuuliza kuna nini. "Mama yako ameacha kuwafuata watu vyumbani," nikamwambia. Hakuelewa, lakini alicheka pia.

Siku zilizofuata alifanya maswali ya miti mpaka ikawa kama anamenya viazi. Hesabu vifundo vyote. Jumlisha namba zote. Geuza mti, wa kushoto aende kulia. Kila mara ni ileile: uliza kushoto, uliza kulia, ongeza lako, peleka juu. Nilimsikia anaimba huku anafua. Mimi nilimshukuru Mungu mapema, nikadhani tumevuka.

Siku ya mtihani aliniomba nimsindikize. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu. Ukipanda ngazi unakuta benchi, chupa kubwa ya maji ya kunywa, halafu chumba cha kuta za vioo chenye ubao mweupe. Mimi nikakaa benchini. Nilimwona mdogo wangu anaingia, amevaa blauzi yake ya kola, kitambaa cha mkononi amekifinya kikawa donge. Ndani walikuwepo mwalimu na mkuu wa ofisi, baba mmoja mfupi aliyesahau miwani yake juu ya kichwa na akawa anaitafuta mezani. Sikusikia kilichosemwa. Niliona tu mikono. Yaliyosemwa alinisimulia yeye baadaye, na mwalimu akayathibitisha.

Walimpa mti wa aina nyingine, uliopangwa. Sheria yake ni hii: kila kilichomo mkono wa kushoto wa kifundo, chote, kiwe kidogo kuliko hicho kifundo, na kila kilichomo mkono wa kulia kiwe kikubwa. Mti wa namna hiyo ndio unaosaidia programu kupata jina la dawa haraka bila kupekua zote. Swali: andika kazi ya kukagua kama mti umepangwa kweli.

Kamanda hakutetereka. Akaandika ubaoni: mkono mtupu, jibu sawa. Nikague mtoto wangu wa kushoto, yaani kifundo nilichokishika mkono huo, ni mdogo kuliko mimi? Wa kulia, ni mkubwa kuliko mimi? Kisha niwaombe nao wakague wa kwao. Wote wakisema sawa, nami nasema sawa. Mistari mifupi, imenyooka kama shuka za hoteli. Mwalimu akatabasamu kidogo. Mkuu wa ofisi akauliza, "Umeridhika, mama?"

Mimi kwa nje nikaona mdogo wangu amefunga kalamu. Nikasema moyoni, asante Mungu. Halafu nikaona hageuki. Amesimama, anautazama ubao, kalamu ameigandamiza kidevuni.

Alisema kilichomzuia ni lile swali. Kuridhika. Maisha yake yote hajawahi kuridhika bila kuinua kifuniko. Basi akachora mti mdogo wa kujipima. Juu akaweka hamsini. Kushoto kwake thelathini, kulia themanini. Chini ya thelathini akaweka ishirini kushoto, na sitini kulia. Akaanza kuuliza. Hamsini anatazama watoto wake: thelathini ni mdogo, themanini ni mkubwa, sawa. Thelathini naye anatazama wa kwake: ishirini ni mdogo, sitini ni mkubwa, sawa. Wote wanasema sawa. Lakini sitini yuko upande wa kushoto wa hamsini! Hapaswi kuwa pale hata kidogo. Kila mzazi amekagua watoto wake, hakuna aliyesema uongo, na nyumba nzima imekaa vibaya.

Niliona mabega yake yanashuka. Niliona mwalimu anatazama chini. Nikajua kuna jambo limeharibika, nikaanza kuomba na macho wazi, maana sikuthubutu kuyafumba.

Angeweza kunyamaza. Mkuu wa ofisi alikuwa ameshapata miwani yake, anajiandaa kuandika. Lakini mdogo wangu akasema, "Hapana, sijaridhika. Nilichoandika kinadanganyika. Naomba nifute."

"Muda umebaki kidogo," mkuu akamwambia.

"Kidogo kinanitosha."

Akafuta. Alivyonieleza, kosa lilikuwa la msimamizi aliyetoka kujifunza kuamini. Zamani aliwafuata watu mpaka chini ya kitanda. Sasa alikuwa anawatuma wakafanye kazi wenyewe, lakini anawatuma mikono mitupu, hajawapa neno lolote la kutoka juu. Thelathini angejuaje kwamba huko juu kuna hamsini? Hakuna aliyemwambia. Basi akaandika upya kwamba kila kifundo kikimtuma mtoto wake, kimpe mipaka miwili: usipungue hapa, usizidi pale. Hamsini anamwambia wa kushoto, "Wewe na wote walio chini yako, msinifikie mimi." Thelathini analipokea neno hilo, analipitisha kwa sitini pamoja na lake: uzidi thelathini, lakini usifike hamsini. Na sitini, akijitazama, anajibu mwenyewe: mimi siko sawa. Neno lake linapanda, thelathini analipeleka kwa hamsini, na juu kabisa linatoka jibu: mti haujapangwa.

Alipoweka nukta ya mwisho, mwalimu alipiga makofi mara moja kisha akajizuia, akaficha mikono chini ya meza. Hiyo niliiona kwa macho yangu kupitia kioo, na ndipo pumzi yangu iliporudi.

Walimtoa nje wakazungumza wawili. Akakaa nami benchini. Nikamtilia maji kwenye kikombe cha karatasi. Alikunywa nusu, nusu nyingine ikammwagikia kwenye blauzi. Kisha mkuu wa ofisi akatoka mwenyewe.

"Mama," akasema, "jibu lako la kwanza wengi hulitoa. Na wengi wakishalitoa hukaa chini. Sisi programu zetu zinakwenda kwa wagonjwa. Tunataka anayefuta kabla hajaambiwa. Karibu, utaanza Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Kwani una safari?"

Mdogo wangu akanitazama, akamtazama yeye, akasema, "Nilikuwa nayo."

Mwalimu akamkumbatia mlangoni, na kule chini fundi simu akatutazama tunavyoshuka ngazi tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Kwa msusi habari ilifika kabla hatujafungua mlango wetu, sijui ilipita wapi. Alikuwa amesimama barazani, mikono kiunoni. "Kamanda! Basi umeuangusha huo mti?"

"Sikuuangusha. Nimeukuta haujapangwa, nikausema."

"Hata miti unaisengenya!" Akamrukia kwa kicheko, vigelegele vikaamsha baraza zima.

Hayo yalipotulia, mdogo wangu akaingia chumbani, akakaa kitandani. Binti yake alikuwa amerudi kutoka shuleni, ameegemea mlango na mkoba ungali mgongoni, anamtazama mama yake bila kupepesa. Hajaambiwa kitu bado. Mdogo wangu akamwita kwa mkono, akamkalisha ubavuni, ndipo akachukua simu akampigia wakala. Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia kila neno. Alimsalimia vizuri, akamshukuru kwa kumngoja, kisha akamwambia hivi:

"Kaka, ile nafasi yangu naomba umpe mwingine anayeihitaji. Mimi nimepata kazi hapa, nabaki na mwanangu."